Majengo ya Mwaka 1973

Nilipokuwa najifunza uchoraji wa ramani za majengo katika chuo kimoja cha ufundi jijini Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya themanini, maktabani palikuwa na kabati lililojaa majarida ya kigeni ya usanifu wa majengo. Yalikuwa yamepitwa na wakati kwa miaka minane au tisa, lakini sisi tuliyashika kwa adabu kama mtu anavyoshika msahafu. Siku moja ya mvua nilikuta ndani ya jarida mojawapo picha za majengo makubwa yaliyokamilika duniani katika mwaka 1973. Nilikaa nayo hadi mkutubi alipoanza kufunga madirisha.

Niliyanakili majina yake nyuma ya daftari langu. La kwanza lilikuwa Jumba la Opera la Sydney, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 20 Oktoba 1973. Msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, alishinda shindano mwaka 1957, ujenzi ukaanza mwaka 1959, na hesabu ya awali ilikuwa dola milioni 7 za Australia. Lilipokwisha lilikuwa limekula milioni 102. Katikati ya safari, mwaka 1966, Utzon aligombana na wakubwa wa serikali, akajiuzulu, akafunga mizigo na kuondoka. Alifariki mwaka 2008 bila kurudi hata mara moja kuliona kwa macho yake lile jumba lenye mapaa kama matanga ya jahazi. Jambo hili la mwisho sikulijua wakati ule, bila shaka, maana lilikuwa bado halijatimia. Lakini nilipolijua lilinichoma, na sababu yake msomaji ataiona hapo mbele.

Hali kadhalika nilinakili ile minara miwili ya New York, ghorofa 110 kila mmoja, iliyochorwa na Minoru Yamasaki na kuzinduliwa rasmi Aprili 1973. Kisha mnara wa Sears wa Chicago, wenye mita 442, uliofika kimo chake cha mwisho mwezi Mei mwaka huo huo. Mhandisi wake, Fazlur Khan, alikuwa mtoto wa Dhaka aliyepata wazo la kufunga mabomba tisa ya mraba pamoja, kama mtu anavyofunga mzigo wa fito, ili upepo usiutikise mnara. Fito moja hupinda, lakini fito tisa zilizofungwa pamoja hazipindi. Hilo nililielewa kabla ya kusoma maelezo yake, kwa kuwa kwetu kila mtoto aliyewahi kubeba fito kutoka porini analijua. Palikuwa na mnara wa Montparnasse wa Paris, ambao Waparisi wengi waliuchukia hata mji ukaweka masharti makali juu ya urefu wa majengo, na lile daraja la Istanbul linalounganisha Ulaya na Asia.

Na palikuwa na Nairobi. Jumba la mikutano la Kenyatta, ghorofa 28, mita 105 hivi, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu majengo mkuu wa serikali ya Kenya. Pembeni mwa mnara kuna ukumbi wa mviringo wenye paa lililochongoka ambao wengi huufananisha na msonge. Nilipoona picha ile nilicheka peke yangu maktabani, na mkutubi akanikazia macho.

Nilicheka kwa sababu mwaka ule ule, kule kwetu Mpimbwe, nyumba iliyonivutia kuliko zote ilikuwa ile iliyoacha kuwa msonge.

Baba yangu alifanya kazi ya vibarua katika mgodi wa risasi kule Mpanda, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ililazwa kwa ajili ya mgodi ule. Kwetu Mamba, chini kule katika bonde la Rukwa kwenye joto na mbu, vijana wengi walipanda kwenda kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Wenzake walirudi na baiskeli au cherehani, yeye akarudi na kamba. Ilikuwa kamba ya katani iliyogawanywa kwa mafundo sehemu kumi na mbili zilizo sawa. Mwashi mmoja wa mgodini alimwonyesha kwamba ukiivuta kamba hiyo kwa pembe tatu, sehemu tatu upande huu, nne upande ule na tano ule wa mwisho, pembe moja itanyooka sawasawa, na nyumba yako haitakwenda upogo. Miaka mingi baadaye mwalimu wangu wa hesabu alituandikia ubaoni kanuni ya Pythagoras kwa mbwembwe nyingi. Mimi nikainua mkono na kusema kwamba baba yangu anayo kamba hiyo. Darasa lilicheka. Mwalimu, namshukuru hadi leo, hakucheka.

Baba hakuwa na haraka. Mgodi ulipofungwa alirudi akaoa, akalima, akazaa, na kwa zaidi ya miaka kumi tuliishi katika misonge miwili kama watu wote wa kitongoji chetu, mwendo wa kama saa mbili kwa miguu kutoka Mamba. Kisha mwaka 1972, baada ya mavuno, akaanza kufyatua matofali mabichi. Udongo aliuchukua katika kichuguu kilichokufa. Aliukanda kwa miguu, na mimi na dada zangu tukiukanda pamoja naye, mpaka ukawa laini kama unga wa ugali. Aliyafunika matofali kwa nyasi yasipasuke kwa jua. Alichimba msingi na kuupanga kwa mawe yaliyoletwa kichwani na mama na shangazi zangu. Aliivuta ile kamba yake asubuhi moja umande ukiwa bado majanini, akaivuta tena na tena, akapigilia vigingi, akaving'oa, akapigilia tena. Mama alisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba mume wake anajenga nyumba au anatega panya.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na baraza kwa mbele. Makombamoyo na fito vilifungwa kwa kamba za magome ya miombo, paa likaezekwa nyasi nene zilizokatwa mbugani. Wanawake wakaisiriba nje na ndani, sakafu wakaipiga kwa udongo wa majivu mpaka ikang'aa. Mlango ulikuwa wa mninga, uliorandwa na fundi mmoja wa misheni kwa malipo ya mbuzi wawili, na bawaba zake za chuma zilitoka Mpanda mjini. Hakuna nyumba pale kitongojini iliyokuwa na bawaba. Watu walikuja kuufungua mlango na kuufunga, wazee kwa watoto, wakisikiliza namna ulivyokaa kimya.

Tuliingia humo Septemba 1973. Nakumbuka mwezi kwa sababu mvua zilikuwa bado, na mama alitaka tuingie kabla hazijaanza. Katika mwezi huo huo, Kenyatta alifungua lile jumba lake Nairobi, na humo ukafanyika mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Rais wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, alisimama mbele ya mawaziri wa fedha wa dunia akawahutubia juu ya watu maskini wa vijijini, hasa wakulima wadogo wadogo, na kutaka mavuno yao yawe yanakua kwa asilimia 5 kila mwaka itakapofika 1985. Baba alikuwa mkulima mdogo wa aina hiyo hasa. Wakati huo alikuwa anatafuta chokaa ya kupaka barazani.

Wiki sita hivi baada ya hotuba ile, mwanzoni mwa Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamekwisha kuhamia humo. Shabaha yake ilielezwa vizuri: shule, zahanati na maji haviwezi kuwafuata watu waliotawanyika porini, nyumba moja hapa na nyingine kule. Mimi niliamini kila neno. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, na nilikuwa natembea saa mbili kwenda shule na saa mbili kurudi, katika nchi ya tembo na simba. Katavi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, lakini wanyama wake hawakungoja tangazo. Kwa hiyo nani angeniambia kwamba kijiji ni kibaya?

Zamu yetu ilifika kiangazi cha 1974. Lori lilikuja, na nyuma yake wakaja wanafunzi wa madarasa ya juu, tukiwa tumeambiwa tusaidie kubeba vyombo vya wananchi. Tuliimba njia nzima. Tulipofika kitongojini kwetu niliimba kwa sauti zaidi, ili wenzangu wajue kwamba sina aibu na nyumbani. Amri ya siku ile ilikuwa kwamba mapaa yaondolewe, ili mtu asipate hamu ya kurudi usiku. Misonge ilishuka upesi, maana msonge hauna ubishi. Ya kwetu ilichukua nusu siku. Baba alikuwa amefunga fito karibu karibu mno.

Baba alikaa chini ya mwembe, mikono juu ya magoti. Hakusema na mtu. Mimi na wavulana wawili tulipewa kazi ya kung'oa milango, na kitongojini palikuwa na mlango mmoja tu wa kung'olewa. Nilikuwa nimeshika nondo, napekua bawaba ya juu kwa nguvu zangu zote, nilipomsikia nyuma yangu. Alikuwa amesimama karibu kabisa.

"Taratibu hizo bawaba, mwanangu," alisema. "Zitapinda."

Akarudi mwembeni.

Sitaki msomaji afikiri kwamba ninaandika kushitaki. Kijijini tulipata kisima ambacho hakikukauka kiangazi, na shule ikawa hatua mia tatu kutoka mlangoni. Dada yangu mdogo, ambaye asingeruhusiwa kamwe kutembea ile njia ya tembo, alisoma na leo ni muuguzi mstaafu. Mwishoni mwa miaka ya sabini, zaidi ya watu milioni kumi nchini walikuwa wanahesabiwa katika vijiji, na kati yao wapo wengi walioondoka na kibanda kibovu wakapata kiwanja kizuri. Niliwahi kubishana na rafiki yangu mmoja, mchumi, usiku kucha juu ya mizani hii. Yeye alikuwa na takwimu, na alinishinda. Mimi nilikuwa na bawaba tu.

Pale kijijini baba alisimika miti, akakandika, akaezeka, yote katika siku nne. Kilikuwa kibanda cha vyumba viwili chenye mlango wa mabua. Tulidhani ni cha muda. Ule mlango wa mninga aliuingiza ndani, akauegemeza ukutani kichwani mwa kitanda chake. Mwaka ukapita, na wa pili. Jirani zetu walianza kufyatua matofali, wakaja kumwomba kamba yake, akawapa, tena akaenda mwenyewe kuwavutia pembe. Nusu ya nyumba zilizonyooka kijijini zilinyooshwa na baba. Ya kwake hakuijenga.

Nilipoanza kazi na kupata mshahara nilimchorea ramani. Ilikuwa mwaka 1991. Naweza kusema kwamba ile ndiyo ramani niliyoichora kwa uangalifu kuliko zote katika maisha yangu ya kazi: vyumba vitatu, baraza kwa mbele, madirisha yanayopokezana upepo kwa sababu ya lile joto la bonde, bati juu. Nilipeleka na fedha za bati. Aliitandaza ramani juu ya mkeka, akaisoma kwa kidole, ukuta kwa ukuta, akaona mara moja kwamba nimeiga vipimo vyake. Akaikunja vizuri.

"Nyumba nilishajenga," akasema.

Bati alinunua. Likalala chini ya mvungu mpaka alipompa mdogo wangu alipooa.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimepata bahati ya kwenda Nairobi kwa shughuli za kazi. Mchana wa kwanza nilikwenda moja kwa moja hadi lile jumba la mwaka 1973. Nililizunguka mara tatu. Nilisimama uwanjani mbele ya sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi, nikatazama juu mpaka shingo ikauma, kisha nikatazama lile paa la msonge. Kwa fundi ni jengo la kuheshimika: rangi yake ni ya udongo mwekundu, kuta zake zina vivuli vyake vyenyewe, halifanani na kisanduku cha kioo ambacho mtu angeweza kukisimamisha popote duniani. Niliona fahari ya Mwafrika pale, sioni haya kusema. Hata hivyo nilikumbuka pia kwamba mwaka ule ambao Nairobi ilijengewa msonge wa zege, sisi watoto tulikuwa tunafundishwa darasani kwamba msonge ni dalili ya kuwa nyuma.

Nilimpelekea baba kadi ya picha. Aliitazama muda mrefu akiwa ameishika mbali na macho, kama wazee wafanyavyo.

"Paa hili limeshikwa na nguzo gani katikati?"

Nilimweleza habari ya zege na nondo, kwamba katikati hamna nguzo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, fundi kwa fundi. Halafu akauliza, "Na waliokuwa wanakaa hapo kabla, walipelekwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nafikiri palikuwa uwanja mtupu. Akaichomeka kadi ile kwenye ufa wa mlango wa mninga, ambako ilikaa mpaka alipofariki, mwaka 1996.

Nimeishi kuyaona mengi ya majengo yale yakipita. Ile minara ya New York niliiona ikianguka katika televisheni ya baa moja Magomeni, jioni ya tarehe 11 Septemba 2001. Kitu kilichochukua miaka kusimamishwa kilishuka kwa muda mfupi kuliko tuliotumia sisi kushusha paa la baba, na humo walikuwamo watu. Mtu mmoja nyuma yangu alikuwa anaagiza soda. Mnara wa Chicago ulibadilishwa jina mwaka 2009. Hata soko letu la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli katika miaka ile ile ya sabini, lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, ambalo nililipita kila siku ya kazi kwa miaka thelathini, liliungua Julai 2021. Mwaka huo nilistaafu. Niliukagua ule moshi kwa mbali, nikaenda kufunga mizigo yangu ya kurudi Mamba.

Mkoa sasa unaitwa Katavi, tangu mwaka 2012. Zamani tulikuwa Rukwa. Nimepewa kiwanja na mdogo wangu, na nataka kujenga. Mtoto wake anafanya kazi ya matofali ya kuchoma, kijana mwenye mikono mizuri. Mwezi wa sita uliopita alinijia na hoja.

"Baba mkubwa, udongo wa huku umejaa mchanga. Udongo mzuri uko kwenye mahame ya babu. Ule umeshakandwa mara moja, hauna hata kokoto. Ukiruhusu, nichimbe kule."

Nilimkatalia. Usiku sikulala. Asubuhi nikamwambia twende tukaone kwanza.

Mahali pale sasa ni shamba la mzee mmoja Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake miaka ya themanini. Alitukaribisha kwa maziwa ya mgando. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta alituongoza mwenyewe katikati ya mabua ya mahindi. Palikuwa na kilima kidogo kama kaburi la mtu mkubwa, kimeota nyasi. Kwa miaka yote ile alikuwa analima kukizunguka. Alisema aliona mawe yamepangwa, akajua ni mahame ya mtu, na mahame ya mtu hayapitishwi jembe bila mwenyewe kuulizwa. Mwembe bado upo. Umekuwa mkubwa vibaya.

Tulifyeka nyasi. Mawe ya msingi yalikuwa yote mahali pake. Nilitoa futi kamba yangu ya chuma, kijana akashika ncha moja, tukapima kutoka kona hadi kona, halafu kona nyingine hadi kona nyingine. Miaka hamsini ya mvua na mizizi imepita pale. Tofauti kati ya vipimo viwili ilikuwa upana wa kidole. Nimewahi kukagua majengo ya mamilioni ya shilingi, yenye wahandisi na mihuri, ambayo hayakufikia kipimo hicho. Nilirudia kupima kwa kujifanya sikuona vizuri, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kweli hayaoni vizuri.

Kijana alikuwa amesimama na jembe begani, hataki kuniharakisha. Mwishowe akauliza kwa upole, "Tuanzie wapi, baba mkubwa?"

Nikamwambia aanzie upande wa jikoni, achukue udongo wote wa kuta, lakini mawe ya msingi asiyaguse.

Tanuru lilichomwa Agosti. Matofali yametoka mekundu, yanalia kama kengele ukiyagonga. Ramani ni ile ile ya 1991, isipokuwa fremu ya mlango wa mbele nimeipunguza kimo, maana mlango wa mninga ni mfupi kwa vipimo vya siku hizi. Mlango wenyewe ni mzima, mchwa hawakuuweza. Bawaba ya chini bado inafaa. Ile ya juu imepinda, nami nimeagiza nyingine Mpanda.